Msaada: Linux inawaka laptopu ikiwa mezani tu, nikiibeba inaingia Windows yenyewe

Kiboko Mpole

Wakuu, habari za muda huu. Leo ni siku ya nne sipati usingizi, na kila ninayemweleza tatizo langu anacheka. Najua linasikika kama hadithi ya majini, lakini nisomeni hadi mwisho.

Laptopu yangu ilikuja na Windows 11. Nikataka kuweka Linux Mint pembeni bila kuifuta Windows, kwa sababu kazi zangu mbili tatu haziendi bila Windows. Nikapunguza diski C kwa kutumia Disk Management, nikapata GB 126 tupu. Nikatengeneza flashi ya kusakinishia, nikabuti (nikawasha laptopu kupitia hiyo flashi), nikachagua ile njia ya kupanga patisheni (vigawanyo vya diski) mwenyewe, nikaiwekea Mint kwenye nafasi tupu. Ilimaliza bila kosa hata moja. Nikawasha upya, menyu ikatokea, Mint na Windows zote zipo. Nikashangilia.

Kesho yake nikaibeba laptopu. Kuiwasha, hakuna menyu, hakuna Mint, Windows imeingia moja kwa moja kana kwamba Linux haijawahi kuwepo. Nikarudi na hasira, nikaiweka mezani pangu, nikaiwasha ili nianze kusakinisha upya: menyu hii hapa! Mint inafunguka, mafaili yangu yote yapo.

Nimejaribu mara saba. Mezani inawaka. Nje ya meza, Windows. Nilidhani ni chaji, nikaibeba na chaja yake, bado Windows. Nimeshasakinisha upya mara mbili, hali ni ileile. Naombeni msaada, natanguliza shukrani.

Jogoo wa Saa Tisa

Mkuu, hizo ni sasisho za Windows. Zinaua Linux za watu makusudi. Fomati diski yote, weka Linux peke yake, maisha yaendelee.

Mvuvi wa Bati

Zima Secure Boot (ulinzi unaokagua programu za kuwashia) kwenye BIOS (mipangilio ya kuwasha laptopu). Tisini na tisa kwa mia ya matatizo haya ni Secure Boot. Ukishazima, njoo utoe mrejesho.

Kiboko Mpole

Mvuvi wa Bati, nimezima kama ulivyosema. Sasa hata Windows haifunguki! Imeleta skrini ya bluu ya BitLocker, lile kufuli la diski la Windows, inataka ufunguo wa namba 48. Mimi sijawahi kuweka BitLocker maishani mwangu. Wakuu nimekwisha.

Mama Terminali

Kiboko, usibonyeze kitu. Rudi BIOS, washa tena Secure Boot, hifadhi, toka. Windows itafunguka bila kukuuliza chochote.

Hukuweka BitLocker wewe, iliwekwa yenyewe. Laptopu nyingi za Windows 11, ukiingia kwa akaunti ya Microsoft mara ya kwanza, diski inafungwa kimyakimya na ufunguo unapelekwa kwenye akaunti hiyo. Ile chipu ya TPM ndiyo inayoifungua diski kila unapowasha, na kabla ya kufungua inaangalia kama hali ya kuwasha ni ileile ya jana. Ukizima Secure Boot, hali imebadilika, chipu inakataa, Windows inakuomba ufunguo wewe mwenyewe.

Ikishafunguka, kabla ya jambo lingine lolote, ingia kwenye ukurasa wa akaunti yako ya Microsoft, sehemu ya vifaa, uchukue huo ufunguo uuandike kwenye karatasi. Karatasi, siyo faili ndani ya laptopu hiyohiyo. Nimeona watu wanafanya hivyo.

Na Mvuvi, nakuomba kaka yangu, ushauri wa kugusa BIOS usitolewe kabla ya kuuliza habari za BitLocker.

Mvuvi wa Bati

Nimekubali kosa, Mama. Samahani Kiboko.

Kiboko Mpole

Imefunguka! Ufunguo nimeuandika mahali pawili. Asante sana Mama. Sasa turudi kwenye majini yangu.

Mama Terminali

Jogoo, hilo la sasisho nalifahamu. Sasisho la Windows la Agosti 2024 kweli lilizuia Linux za watu, lakini lile liliandika wazi kwenye skrini: "Verifying shim SBAT data failed: Security Policy Violation", kisha mashine inajizima. Kiboko haoni maandishi hayo. Na sasisho haliwezi kujua laptopu iko mezani au iko mapajani.

Kiboko, meza haina uchawi. Nitajie kila kitu kinachochomekwa kwenye laptopu ikiwa mezani. Kila kitu, hata kipanya.

Kiboko Mpole

Chaja, kipanya, kibodi, skrini ya pili kwa HDMI, na diski ya nje ya TB 1 ya kuhifadhia nakala. Hiyo diski ni ya laptopu yangu ya zamani iliyokufa, niliitoa nikaitia kwenye kasha la USB. Huwa siichomoi, inakaa hapo nyuma ya skrini, hata nilishaisahau.

Mama Terminali

"Hata nilishaisahau." Hapo ndipo tutakapoanzia.

Washa Mint ikiwa mezani, fungua terminali, tupe majibu ya amri hizi mbili:

`efibootmgr -v`

`lsblk -o NAME,SIZE,FSTYPE,PARTUUID,MOUNTPOINT`

Hazibadilishi kitu, zinasoma tu.

Kiboko Mpole

Hii hapa, nimekata mistari isiyo na maana:

```
BootCurrent: 0003
BootOrder: 0003,0000
Boot0000* Windows Boot Manager HD(1,GPT,7c1e55f0-...,0x800,0x32000)/File(\EFI\Microsoft\Boot\bootmgfw.efi)
Boot0003* ubuntu HD(2,GPT,b94a02d7-...,0xe1800,0x32000)/File(\EFI\ubuntu\shimx64.efi)

sda           931.5G
├─sda1          450M  ntfs
├─sda2          100M  vfat       b94a02d7-...  /boot/efi
├─sda3           16M
└─sda4          931G  ntfs
nvme0n1       476.9G
├─nvme0n1p1     100M  vfat       7c1e55f0-...
├─nvme0n1p2      16M
├─nvme0n1p3   349.5G  BitLocker
├─nvme0n1p4     700M  ntfs
└─nvme0n1p5     126G  ext4                     /
```

Swali: mbona imeandikwa ubuntu na mimi nimeweka Mint? Nimedanganywa?

Mama Terminali

Hujadanganywa. Mint imejengwa juu ya Ubuntu na inatumia butiloda yake (programu inayoanzisha mfumo) iliyotiwa saini, kwa hiyo kwenye orodha ya BIOS inajiita jina hilo. Liache.

Sasa tazama kile kinachoanza na b94a. Kwenye jibu la kwanza, ingizo la Linux linasema: nenda kwenye patisheni b94a02d7, ukafungue shimx64.efi, faili linaloanzisha Linux. Kwenye jibu la pili, b94a02d7 ni sda2. Na sda ndiyo diski yako ya nje.

Kwa maneno mengine, Mint yenyewe umeiweka ndani ya laptopu, lakini mlango wake umejengwa kwenye nyumba ya jirani. Laptopu ikiwaka, inasoma ingizo la kwanza, inamtafuta b94a. Diski ikiwa imechomekwa, inampata, menyu inakuja. Ukiibeba laptopu, b94a hayupo, BIOS haigombani na mtu, inaruka kwenda ingizo la pili, na la pili ni Windows. Haikuandikii kosa kwa sababu kwake hilo siyo kosa. Na una bahati: ziko BIOS ambazo zikikosa kifaa zinafuta ingizo kabisa, ungerudi mezani usikute chochote.

Ilikuwaje? Ile diski ilitoka kwenye laptopu ya zamani na Windows yake, kwa hiyo ilibaki na patisheni yake ya EFI, ile ndogo ya FAT32 ya MB 100 yenye mafaili ya kuwashia mfumo. Kwenye ukurasa wa kupanga patisheni, chini kabisa, kuna kisanduku cha kuchagua kifaa cha kuwekea butiloda. Kilikuwa kimeandikwa nini?

Kiboko Mpole

/dev/sda. Nakumbuka kabisa. Nikasema sda ndiyo diski ya kwanza, ndiyo ya laptopu. Mafunzo yote niliyosoma yanasema sda.

Mama Terminali

Mafunzo hayo yaliandikwa enzi za diski za SATA. Diski ya NVMe haiitwi sda, inaitwa nvme0n1, kwa hiyo kwenye laptopu kama yako sda ni chochote kilichochomekwa kwa USB: diski ya nje, au hata flashi. Isitoshe, kisakinishi hicho kinajulikana kupenda patisheni ya EFI ya diski ya kwanza kwenye orodha hata ukikichagulia nyingine. Dawa ni kuchomoa kila diski isiyohusika kabla ya kuanza. Mara mbili ulizosakinisha upya, diski ilikuwa imechomekwa?

Kiboko Mpole

Mara zote. Nilikuwa mezani.

Pembe Nne

Hahaha, siku nne za maisha zimeishia nyuma ya skrini. Pole mkuu, nimecheka kwa upendo.

Mama Terminali

Husakinishi kitu. Tunahamisha mlango tu. Diski ya nje iache imechomekwa, uko ndani ya Mint, fanya hivi moja moja, usibandike zote kwa pamoja:

`sudo umount /boot/efi`

`sudo mount /dev/nvme0n1p1 /boot/efi`

`ls /boot/efi/EFI`

Hapa simama. Lazima uone folda ya Microsoft. Usipoiona, umepandisha (mount) patisheni isiyo yake, usiendelee, njoo uniulize. Ukiiona:

`sudo grub-install --target=x86_64-efi --efi-directory=/boot/efi --bootloader-id=ubuntu`

`sudo update-grub`

Usiogope kuweka vitu viwili kwenye patisheni moja ya EFI. Imeundwa kwa ajili hiyo: Windows inakaa kwenye folda yake, Linux kwenye yake, hawagusani. MB 100 ni ndogo ila inatosha, shim na GRUB (programu ya ile menyu) kwa pamoja ni MB chache tu. Usiifomati kwa namna yoyote, ndimo inamoanzia Windows.

Halafu kuna la tatu, la fstab, ambalo ni la lazima. Fungua `/etc/fstab`, orodha ya patisheni ambazo Linux inapandisha ikiwaka, tafuta mstari wenye /boot/efi. UUID (namba ya utambulisho) iliyopo hapo ni ya diski ya nje. Badilisha iwe ya nvme0n1p1. Utaipata kwa `sudo blkid /dev/nvme0n1p1`.

Kiboko Mpole

MREJESHO. Folda ya Microsoft nimeiona. grub-install imeandika "Installation finished. No error reported." Update-grub imeipata Windows kwenye nvme0n1p1. Nikazima, nikachomoa diski ya nje, nikawasha kwa mkono unaotetemeka. Menyu imekuja wakuu! Bila diski!

Nikachagua Mint... ikakwama. Nembo, kisha maandishi "A start job is running for /dev/disk/by-uuid/" na namba fulani, saa inahesabu hadi dakika 1 na sekunde 30, halafu "You are in emergency mode". Nimehama kutoka tatizo moja kwenda jingine.

Mama Terminali

La fstab ulifanya?

Kiboko Mpole

...Nilipoona "No error reported" nikajua kazi imekwisha.

Mama Terminali

Nilijua. Hilo si tatizo jipya, ni lilelile, limehama ghorofa. Sasa BIOS inaupata mlango, GRUB inaipata Mint, lakini Mint ikiamka inasoma fstab, na fstab inaiambia ipandishe /boot/efi kutoka diski ambayo iko nyuma ya skrini. Inaisubiri sekunde 90, ikikata tamaa inakataa kuendelea.

Chomeka diski, washa upya, itaingia kama kawaida. Kisha fanya la fstab. Na angalia usichanganye: blkid itakupa UUID na PARTUUID. Kwenye mstari wako unatumia UUID, ambayo kwa FAT32 ni fupi, herufi na tarakimu nane zilizogawanywa na kistari katikati. Ile ndefu ya 7c1e ni PARTUUID, siyo yenyewe. Kabla ya kubadilisha, toa nakala:

`sudo cp /etc/fstab /etc/fstab.zamani`

Ukishahifadhi, endesha `sudo findmnt --verify`. Ikilalamika kuhusu /boot/efi, umekosea kunakili. Isipolalamika, zima, chomoa, washa.

Pembe Nne

Wakati Kiboko yuko vitani, naomba kupenyeza langu. Mimi mifumo yote miwili inawaka vizuri, ila kila nikitoka Linux kwenda Windows saa inakuwa imehama kwa masaa kadhaa. Nikirekebisha Windows, Linux inaharibika. Na patisheni yangu ya D, Linux inaifungua ila hairuhusu kuandika.

Mama Terminali

Saa: ndani ya laptopu kuna saa moja tu ya betri. Windows inaisoma kama saa ya ukutani ya kwenu, Linux inaisoma kama UTC (saa ya kimataifa) halafu inaongeza tofauti ya kanda yako. Kila mmoja anamsahihisha mwenzake. Njia rahisi ni kuiambia Linux ifuate ya Windows: `timedatectl set-local-rtc 1`. Yenyewe itakuonya kwamba haipendi. Mimi nimeishi hivyo miaka bila taabu.

Patisheni D: zima Fast Startup. Windows ukiibonyeza Shut down haizimiki kabisa, inalala nusu, na mafaili inayaacha kana kwamba bado inayatumia. Linux ikiona hivyo inakataa kuandika ili isiharibu. Ndani ya Windows fungua terminali kama msimamizi, andika `powercfg /h off`. Hibernate nayo itaondoka, lakini utarudishiwa GB kadhaa za diski C. Kulazimisha kuandika kwa nguvu bila kuzima hiyo, usithubutu.

Mvuvi wa Bati

Na mimi nijifunze. Nina Debian 12, menyu ya GRUB haionyeshi Windows kabisa. BIOS inaiona.

Mama Terminali

Tangu GRUB 2.06 ya mwaka 2021, utafutaji wa mifumo mingine umezimwa kwa chaguo-msingi. Kwenye `/etc/default/grub` weka mstari `GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false`, kisha `sudo update-grub`. Kama os-prober (programu inayofanya utafutaji huo) haipo, isakinishe kwanza. Ila kama Windows yako ina BitLocker, kuifungua kupitia GRUB kunaweza kuifanya idai ufunguo. Ikikusumbua, ingia Windows kupitia menyu ya kubuti ya laptopu yenyewe.

Kiboko Mpole

MREJESHO WA PILI. Wakuu, naandika haya nikiwa ndani ya Mint, laptopu iko mapajani, haina waya hata mmoja. Nimeizima na kuiwasha mara tano, mara mbili nikiwa nimesimama kabisa. Menyu inakuja, Mint inawaka kwa sekunde chache, Windows nayo inafunguka kupitia menyu ya BIOS bila kudai ufunguo. `findmnt /boot/efi` inasema /dev/nvme0n1p1.

Mama Terminali, sijui nikushukuru vipi. Swali la mwisho: ile folda ya ubuntu iliyobaki kwenye diski ya nje niifute?

Mama Terminali

Karibu mwanangu. Angalia kwanza `efibootmgr -v`; ikiwa b94a haonekani popote, folda haina kazi, waweza kuifuta au kuiacha, haidhuru. Ikiwa bado yupo, mfano kwenye 0004, mtoe kwa `sudo efibootmgr -b 0004 -B`. Soma namba mara mbili kabla ya kubonyeza, maana 0000 yako ni Windows.

Jogoo wa Saa Tisa

Wakuu, nilikuwa nasoma tu kimya. Nikasema ngoja na mimi niendeshe hiyo lsblk kwa udadisi. Yangu /boot/efi iko kwenye flashi niliyosakinishia. Flashi yenyewe nilikuwa natafuta muda nimfomatie mtu aweke nyimbo. Ninafanyaje?

Mama Terminali

Usiichomoe, usiizime laptopu. Lete efibootmgr.